Msuko wa Jumapili

Verna Stidham aliuona msuko kabla hata hajakaribishwa kiti. Josie alikuwa amempa kisogo, amepiga magoti juu ya benchi la jikoni akimwita mbwa wa jirani dirishani, na nywele zake za rangi ya majani makavu zilikuwa zimesukwa mistari miwili kuanzia utosini hadi shingoni, imenyooka, imekazwa, hakuna hata unywele mmoja uliochomoza. Ile ilikuwa kazi ya vidole vyepesi. Na vidole vya bibi yake, Nola Banks, ambaye wakati huohuo alikuwa akipigana na kifuniko cha chupa ya maziwa, vilikuwa vimepindwa na baridi yabisi mpaka kitasa cha mlango alikifungua kwa viganja viwili.

"Lete nikusaidie," alisema Verna.

"Acha. Kitafunguka tu. Kimenizoea."

Hakikufunguka. Mwishowe Nola aliisukuma ile chupa mezani bila kumtazama mgeni wake, Verna akaifungua. Wyatt, mdogo wake Josie, alikuwa chini ya meza akilisha gari lake la plastiki mkate wa mahindi.

Verna hakuwa ofisa wa serikali, ingawa alivaa kitambulisho shingoni. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpeleka barua katika barabara ileile inayopanda kilimani kupita kwa Nola, katika kile kipande cha Kentucky ambacho migodi imefungwa na vijana wamebaki na vidonge vyao vya kulevya. Alipostaafu akachoka kukaa nyumbani na mume mwenye mgongo mbovu, alijitolea kuwa mtetezi wa watoto mahakamani. Walimfundisha, jaji akamwapisha, akakabidhiwa watoto wawili wa Tabitha Banks. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unamtembelea mtoto mara kwa mara, unazungumza na mwalimu wake, daktari wake na kila anayemjua, halafu unamwandikia jaji mambo mawili: mtoto anataka nini, na wewe unaona lipi lina heri kwake. Halipwi mtu, na petroli ni yako.

Tabitha, mama yao, alikuwa amekutwa kiangazi kilichopita amezirai kwa unga ndani ya gari, nje ya duka, vioo vimepandishwa, Wyatt amefungwa kiti cha nyuma katika jua la Julai. Mpita njia alivunja kioo. Mtoto alipona, mama akapelekwa kutibiwa, na jaji akampa Nola wajukuu kwa sharti moja tu: Tabitha asikanyage nyumba ile. Akitaka kuwaona wanawe atawaona ofisi ya ustawi wa jamii, msimamizi akiwa chumbani. Nola akivunja sharti, watoto wataondolewa.

Kwa hiyo Verna alipoutazama ule msuko, hakuutazama kama anavyotazama mtu aliyekuja kunywa chai.

*

Walitoka kukaa barazani kwenye bembea, yeye na Josie, kama desturi yao.

"Umependeza," alisema Verna. "Nani kakusuka?"

Josie aliisimamisha bembea kwa ncha ya kiatu. Aligeuka kuutazama mlango wa wavu, akasikiliza, kisha akasogea.

"Ni msuko wa Jumapili. Mama huja Jumapili, watu wote wakiwa kanisani. Sisi siku hizi hatuendi. Bibi anawaambia goti linamuuma, lakini halimuumi."

"Huja kufanya nini?"

"Anatukaangia mayai na soseji. Anamwogesha Wyatt. Wyatt akiogeshwa na bibi anapiga kelele, akiogeshwa na mama hapigi. Halafu ananisuka mimi, halafu anaondoka kabla kanisa halijatoka." Alinyoosha kidole chake cha mwisho, kile kidogo. "Usimwambie mtu, Bi Verna."

Huko kwao mtoto akikunyooshea kile kidole na ukakikamata kwa chako, umekula kiapo, na hakuna mtoto asiyejua hivyo. Verna alilea mabinti wawili. Alikwisha kula viapo vya kidole juu ya paka waliofichwa kabatini, juu ya alama za hesabu, juu ya wavulana. Kidole chake kilikwenda chenyewe. Akili ilipowasili, kidole kilikuwa kimeshakamatana na kile kidogo chenye rangi ya kucha iliyobanduka, kikatikiswa mara moja juu, mara moja chini.

Na hapo ndipo alipoikumbuka sentensi. Renee, mkuu wa watetezi wa wilaya, aliwafundisha wote sentensi moja ya kumwambia mtoto siku ya kwanza, kabla ya mengine yote: kuna mambo nitakuwekea, lakini yanayogusa usalama wako lazima nimwambie jaji. Verna aliijua kwa moyo. Aliifanyia mazoezi garini. Lakini siku ile ya kwanza Josie alikuja mbio na jino lililong'oka asubuhi hiyo, kalishika kwenye kitambaa chenye damu, na wakacheka, wakatafuta glasi ya kulitia, na Verna akajiambia ataisema safari ijayo. Safari ijayo kulikuwa na kingine. Baada ya hapo akaona haya kuirudia, kama mtu anayesahau jina la mwenyeji wake na kisha muda wa kuuliza unapita.

Josie alirudi kubembea. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo kwa mwenzake.

*

"Mheshimiwa karudi," alisema Delmer, mumewe, kutoka kwenye kiti chake cha kuegemea. "Serikali inasemaje?"

"Serikali inasema uinue miguu nifagie."

Alipika maharage, na Delmer alipoonja aliweka kijiko chini taratibu.

"Mama, umetia chumvi ukasahau, ukatia tena."

"Kula mkate basi."

"Kuna mtu kakuudhi huko kilimani?"

"Siwezi kusema."

"Najua huwezi kusema. Ndiyo maana namhurumia anayekula." Alimtazama kwa muda, mzaha ukamtoka usoni. "Barua zilikuwa na nafuu, Verna. Ulikuwa unaitia sandukuni unakwenda zako. Ya ndani hayakukuhusu."

Verna alisafisha meza. Mume alikuwa amesema kweli na ilimchoma, kwa sababu miaka yote ile aliyosimamisha gari mbele ya sanduku la Nola hakuwahi kujua kama ndani ya nyumba ile watu wanacheka au wanalia, na alilala usingizi mzuri.

*

Siku ya Tabitha kuwaona watoto, Verna alikwenda ofisi ya ustawi. Alimkuta Tabitha kwenye kiti cha mapokezi, bado amevaa sare ya nyumba ya wazee anakofua mashuka, na mapajani ana boksi la kuku wa kukaanga, mafuta yameanza kutoboa karatasi. Nola alikuwa bado njiani na watoto.

"Bi Banks," alisema dada wa dirishani, "leo haitawezekana. Msimamizi kapata udhuru. Tumempigia mama yako awarudishe watoto."

"Tena?"

"Tutakupangia siku nyingine."

"Nimeomba ruhusa kazini. Wamenikata zamu."

"Ninaelewa."

Tabitha aligeuka akamwona Verna, akakiona kitambulisho. "Wewe una kile kitu shingoni. Kaa nasi wewe. Nusu saa tu, wapate kula kuku wao."

"Siruhusiwi kusimamia," alisema Verna. "Natazama tu."

"Basi tazama," alisema Tabitha. Alitabasamu, tabasamu pana la picha ya shule. "Unaona? Nikikasirika wataandika nimekasirika. Nikilia wataandika sina utulivu. Siku moja nilimnong'oneza Josie kwamba nampenda, wakaandika nimenong'ona. Kunong'ona marufuku. Kwa hiyo natabasamu. Uandike hivyo, nimetabasamu." Akasukuma boksi chini ya kioo. "Angalau wapelekee kuku."

"Hatupokei chakula kama ziara haikufanyika," alisema dada wa dirishani, naye alikuwa na haya, maana aliinamisha macho. Boksi likarudishwa.

Verna alimfuata hadi nje. Tabitha alikuwa mwembamba, macho yake meupe, mikono haitetemeki. Vipimo vyake vyote tangu masika vilikuwa safi, Verna alikuwa ameviona. Aliketi ukingoni mwa barabara, akafungua boksi, akamega paja, akamnyooshea Verna boksi. Verna alichukua kipapatio kimoja akala kwa kusimama. Nacho kilikuwa kinyume cha utaratibu.

*

Alimpigia Renee na kumwuliza kama swali la mtu mwingine. Renee hakudanganyika.

"Verna, hukuitwa kupendwa. Unaandika ulichokijua, na unaandika unachoona ni bora. Vyote viwili. Ukificha cha kwanza, cha pili hakina thamani."

Basi alipanda kilimani, watoto wakiwa shuleni na chekechea, akamkuta Nola akimenya viazi kwa kisu chenye mpini uliofungwa tambara ili kishikike.

"Nimejua habari ya Jumapili," alisema Verna.

Kisu hakikusimama. "Josie?"

"Nina macho, Nola. Huwezi kusuka vile."

"Siwezi." Kiazi kilianguka kwenye sufuria. "Umekuja kunishitaki au kunionya?"

"Mpigie ofisa wa ustawi wewe mwenyewe. Leo. Itoke kwako kabla haijatoka kwangu."

"Nikimpigia atanifanyaje, atanipongeza?" Nola aliweka kisu chini. "Dada Verna, mchungaji kaja hapa barazani kuniuliza kama nimepoa imani. Mimi, niliyebatizwa mtoni kwenye barafu. Nikasingizia goti. Wanawake wa kanisani wananikwepa sokoni wakidhani nimerudi nyuma. Nimeyavumilia yote hayo ili watoto wawe na mama kwa asubuhi moja, kwa sababu ile ofisi yenu kila nikiwapeleka watoto mlango umefungwa. Hilo umeliandika?"

"Nitaliandika."

"Na Tabitha akifika hapa haingii hivihivi. Anasimama pale mlangoni namtazama macho, namnusa pumzi, mkoba wake unabaki nje. Mimi ndiye niliyemzaa. Ofisi ipi inampima namna hiyo?"

"Na siku utakapokosea?" aliuliza Verna. "Nola, mtoto alikuwa hapumui vizuri walipomtoa kwenye lile gari."

"Usinikumbushe. Nilikuwepo hospitali, wewe ulikuwa kwako." Sauti yake ilikatika, akaivuta tena. "Miaka yote ulileta barua zangu. Za deni, za hospitali, za jela alipokuwa huko. Hukuwahi kufungua hata bahasha moja. Nilikuwa nakuheshimu kwa hilo. Leo umekuja kufungua nywele za mjukuu wangu."

Verna alisimama pale jikoni akiwa hana pa kuweka mikono. Alimpenda Nola kwa saa ile, na alimhofia yule mtoto wa garini, na mambo hayo mawili hayakutaka kukaa pamoja. "Mpigie ofisa," alisema tena. Nola alirudia viazi vyake.

Hakupiga simu.

*

Verna aliandika. Alikaa kwenye meza ya chakula akaeleza Jumapili zote kama alivyoambiwa, mayai, kuoga, msuko. Aliandika ziara zilizofutwa na nani alizifuta. Aliandika kwamba Josie anataka kuishi na bibi yake na kumwona mama kila siku. Akaandika kwamba vipimo ni safi, kwamba watoto wamestawi kwa Nola, na kwamba yeye mtetezi anashauri wabaki palepale, tena Nola apewe ruhusa ya kumsimamia Tabitha nyumbani. Alipoisoma upya alijisikia amepata njia. Ukweli umesemwa, na nyumba imesimama. Alijisifu kidogo, maskini, hata usiku ule maharage ya Delmer yalikuwa na chumvi yake ya kawaida.

Taarifa ya mtetezi hupewa kila upande. Asubuhi ya mahakama Nola alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, ambalo halikuwa limeona kanisa kwa miezi, na wakili ambaye mahakama ilimpangia Tabitha alikuwa akiwasomea ile karatasi kwa sauti ya chini koridoni, mbele ya watu wenye kesi zao za mwendo kasi na mbuzi waliovuka uzio. Wote walisikia habari za soseji.

Jaji Hensley alikuwa mzee wa sauti ya upole. Alivua miwani.

"Bi Banks, haya ni kweli?"

"Ni kweli, Mheshimiwa."

"Ulijua amri yangu?"

"Niliijua."

"Ukaivunja kila juma."

"Nilimfungulia mwanangu mlango," alisema Nola. "Kama hilo ndilo jina lake, basi niliivunja."

Jaji aligeuza ukurasa wa taarifa. "Nimeyasoma mapendekezo ya Bi Stidham. Ameyaandika vizuri na kwa moyo. Nisikilizeni. Nilikaa kwenye kiti hiki nikamwamini bibi mwingine, mama mwema kama wewe. Naye alimfungulia binti yake mlango. Nilikwenda maziko ya mtoto yule nikasimama nyuma. Siwezi tena kumwamini mtu kwa sababu ni mwema." Akavaa miwani. Watoto watahamishiwa kwa walezi wa muda. Ofisi ipange ziara na izifanye kweli. Kesi irudi baada ya miezi sita.

Verna aliinuka. "Mheshimiwa, mimi nilishauri wabaki."

"Nimeona, Bi Stidham. Ahsante kwa ukweli wako. Bila wewe nisingejua."

Hakuna tusi ambalo lingemuuma kama ahsante ile.

Nola alipita mbele yake bila kumwona, kama mtu anavyopita mbele ya kiti. Tabitha ndiye aliyesimama.

"Umeandika kwamba nilikaanga mayai?"

"Niliandika."

"Na kwamba Wyatt halii nikimwogesha?"

"Na hilo."

"Sawa," alisema Tabitha. Hakutabasamu safari hii. "Mwaka mzima hakuna aliyeandika kwamba nimefanya kitu. Ndiyo mara ya kwanza, na angalia kilichonipata."

*

Walezi walipatikana wilaya ya jirani, ng'ambo ya mlima, na angalau waliwachukua wote wawili. Mama wa nyumba aliitwa Candace, mwanamke mwema, mnene, mwenye nyumba ya matofali na vyumba vyenye mapazia yaliyofanana na mito. Alimpokea Verna mlangoni kwa sauti ya kujitetea.

"Usishtuke ukimwona. Sikufanya mimi. Alizikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni, nikaona zimejaa kwenye sinki. Nimempeleka saluni wakasawazisha walivyoweza. Nilimwuliza kwa nini, haniambii. Labda wewe, nasikia mnaelewana."

Josie alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma. Nywele zilikuwa zimebaki urefu wa kidole, zimesimama kila upande, na shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko Verna alivyoijua. Wyatt alikuwa kwenye mchanga akizika gari. Verna aliketi. Njia nzima ya mlimani alikuwa ameishika ile sentensi ya siku ya kwanza, akiigeuza huku na huku mdomoni, na safari hii alikuwa ameapa haitabaki garini.

Lakini Josie ndiye aliyeanza. Alisogea mpaka bega lake likagusa mkono wa Verna.

"Bibi hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu," alisema Verna, ambaye hakuwa amefunguliwa mlango kwa Nola tangu siku ile.

"Na mama?"

"Anafanya kazi. Mtamwona juma lijalo. Msimamizi atakuwepo, nimehakikisha." Alizitazama zile nywele. "Josie, kwa nini ulizikata?"

"Zilisema."

"Nani?"

"Nywele. Yule dada wa ofisi alipokuja kutuchukua alinitazama kichwani, akamwambia bibi, 'Nywele zinaeleza zenyewe.' Ningekaa bila kusukwa hakuna ambaye angejua. Mama aliniuliza, 'Nikusuke?' mimi ndiye niliyesema ndiyo." Alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Sasa hata akija zikiwa fupi hakuna atakayeona kitu. Nilijua si wewe. Wewe tulikamatana kidole."

Wyatt alikuwa amemaliza kuzika gari, sasa alikuwa analitafuta. Ndani, Candace aliwasha redio jikoni. Verna angeweza kunyamaza. Hakuna kanuni iliyomlazimisha kusema, Renee asingemlaumu, na mtoto alihitaji mtu mmoja wa kumwamini katika wilaya ile ngeni. Yote hayo alijiambia, na yote yalikuwa kweli. Lakini aliitazama ile shingo, akaona mtoto wa miaka minane amejihukumu mwenyewe na kujipa adhabu, na roho yake ilikataa.

"Josie," alisema, "si nywele. Ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia jaji."

Josie hakuondoa bega. Alitazama mbele, kama mtu anayefanya hesabu aliyodhani ameshaimaliza. Kisha akapeleka mkono kisogoni, akapapasa pale misuko ilipokuwa ikiishia.

"Basi nimezikata bure," alisema.